Sukari ya ukoo hapa Pwani: jeni zinasema nini, na kipimo gani kinaweza kukupa jibu la uongo

Binti Langoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Amu, Malindi, Mombasa na mlio ng'ambo.

Nafanya kazi maabara, na kuna maneno nayasikia karibu kila siku ya kliniki. Mtu ananyoosha kidole nimdunge, na kabla mashine haijatoa namba keshasema: "Sukari kwetu ni ya ukoo, sisi damu yetu ya Kiarabu." Mwingine atasema ni kwa sababu bibi yake mzaa baba alikuwa Mhindi. Wa tatu anatoka visiwani, yuko baharini tangu utotoni, mwembamba, naye husema kwao maradhi haya hayapo kabisa, amekuja kwa kuwa mkewe amemshikilia. Wote watatu wanapima hatari yao kwa jina la kabila. Naomba tulizungumze kwa kituo. Lina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe hauko pale watu wanapouweka, na wako waliochelewa kutibiwa kwa ajili hiyo.

Kisukari aina ya pili kinarithiwa, hilo halina ubishi. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa, uwezekano wake wa kuupata maishani hukadiriwa kufika 40 kwa 100. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, unakaribia 70. Sehemu ya hapo ni jeni, na sehemu ni kwamba mtoto hurithi pia mapishi ya nyumbani, saa za kula na mazoea ya kukaa barazani.

Lakini jeni moja ya sukari haipo. Mwaka 2024 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watu zaidi ya milioni 2.5, kati yao zaidi ya 428,000 wakiwa na kisukari aina ya pili. Walipata sehemu 611 kwenye jenomu, yaani urithi wote wa jeni wa mtu, zinazochangia. Sehemu 611! Nyingi kati ya hizo zinaongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, na kila mmoja wetu ana baadhi yake, awe Mbajuni, Mgiriama, Mmijikenda mwingine yeyote, Mhadhrami au Mbohora.

Iliyo nzito kati ya zile zilizoenea ni TCF7L2, iliyogunduliwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006. Ukirithi nakala yenye hitilafu kwa mzazi mmoja, hatari yako hupanda kwa takriban asilimia 40, na ukirithi kwa wote wawili inakaribia maradufu. Kazi yake iko kwenye kongosho: mwenye hitilafu hutoa insulini pungufu kuliko anayohitaji. Sasa tazameni ilivyosambaa. Ulaya na Afrika Magharibi nakala zenye hitilafu ni kama 3 kati ya kila 10. China na Japani ni chache sana, hazifiki hata 1 kati ya 10. Na bado China ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa kisukari duniani. Kwa hivyo hata jeni iliyo na nguvu kuliko nyingine haiwezi peke yake kukueleza kwa nini taifa fulani linaugua.

Kuna mahali ambapo jeni moja kweli imebeba mzigo mkubwa. Greenland, mwaka 2014, iligunduliwa hitilafu katika jeni ya TBC1D4 inayofanya misuli ishindwe kuivuta sukari kutoka kwenye damu baada ya mtu kula. Ilikuwa kwenye asilimia 17 ya nakala za jeni hiyo kwa waliochunguzwa, na mwenye nakala mbili hatari yake ni kama mara 10 ya mwenzake. Hao ni watu wachache waliokaa mbali na wengine kwa karne nyingi, ndipo kitu adimu kikapata nafasi ya kuenea. Lakini kinachonivutia mimi zaidi ni hiki: wenye nakala mbili, ukiwapima asubuhi kabla ya kula, sukari yao inaonekana haina neno. Inapanda sana saa mbili baada ya kunywa glukosi. Anayepimwa asubuhi tu anarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Mexico wana aina ya jeni SLC16A11 inayoongeza hatari ya kisukari, ambayo asili yake ni kwa Neanderthal, wale binadamu wa kale wa Ulaya na Asia. Samoa wana aina ya jeni CREBRF inayomnenepesha mtu, na ajabu yake ni kwamba mwenye nakala hiyo hatari yake ya kisukari hupungua. Mnene na salama zaidi! Anayehukumu kwa macho hapo amekwama.

Sasa Wapima. Hawa ni wenyeji wa asili wa jangwa la Arizona nchini Marekani, na kwa miaka mingi walitajwa kama mfano wa kabila "lililolaaniwa kwa jeni." Wana ndugu zao wa nasaba moja ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Maycoba huko Mexico, ambao wamebaki wakulima: wanalima kwa mkono, wanatembea mlima, wanakula maharage, mahindi na viazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha. Wa Arizona walikuwa na kisukari asilimia 38. Wa Maycoba, asilimia 6.9. Nasaba moja, maisha mbalimbali. Nikimsikia mtu wa kwetu akisema "haina maana kupunguza, ni ya ukoo" ninawafikiria watu wa Maycoba.

Turudi kwetu. Mwaka 2023 Nature ilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania na jirani zao wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Manda imo, Faza imo, yaani makaburi ya visiwa vyetu hivi hivi. Wengi wao zaidi ya nusu ya urithi wao ni wa Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya uliobaki ni wa wanaume wa Kiajemi, pamoja na kidogo cha Kihindi. Mchanganyiko huo ulianza kama miaka 1000 iliyopita. Urithi wa Arabuni ukaongezeka karne za baadaye. Basi mtu anaponiambia ana damu ya Kiarabu, simpingi. Ninachomwambia ni kuwa jina la ukoo halijui ni zipi kati ya zile sehemu 611 zimekuangukia wewe. Ndugu wawili wa tumbo moja hawakupewa sawa.

La asili ya Kihindi lina uzito wake, na si porojo. Watu wenye asili ya Bara Hindi hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, na mapema zaidi. Uingereza tangu 2013 inashauri kuwa kwao, na kwa wenye asili ya Kiafrika pia, uwiano wa uzito na urefu (BMI) ukifika 23 hatari ihesabiwe imeanza kupanda, wakati kwa Wazungu mpaka ni 25. Hilo la Waafrika kuwemo watu wetu hawalijui.

Na Waafrika wenyewe tumechunguzwa? Kidogo. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 ilionyesha kuwa karibu asilimia 81 ya watu walioshiriki tafiti za jenomu nzima ulimwenguni walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Kiafrika kama asilimia 3 tu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watu 5,231 wa Nigeria, Ghana na Kenya, ukathibitisha TCF7L2 ina nguvu kwetu pia na ukaleta jeni mpya iitwayo ZRANB3, inayohusu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Ni kazi nzuri, nami nafurahi kila nikiiona Kenya humo. Ila mkitumiwa na jamaa wa ng'ambo vile vifaa vya kutema mate kwenye kichupa ili mwambiwe hatari yenu ya sukari, jueni alama zile zimejengwa zaidi kwa Wazungu, na usahihi wake kwa Mwafrika hupungua sana.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda.

Urithi ulio muhimu kuliko wote kwetu Pwani, kwa habari ya sukari, pengine ni ule usiopandisha sukari hata kidogo. Ni urithi wa malaria. Babu zetu waliishi na mbu karne na karne, na damu yetu ikabeba kinga: nakala moja ya jeni ya selimundu, na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo na ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefanya utafiti wa malaria kwa miongo kadhaa, watu kama 15 kwa kila 100 wana nakala moja ya selimundu. Si wagonjwa. Wengi hawajui wanayo, na iliwakinga na malaria kali wakiwa watoto.

Lakini inagusa kipimo. Kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hakipimi sukari iliyomo kwenye damu sasa hivi. Kinapima sukari iliyojigandisha kwenye chembe nyekundu katika umri wake, na chembe ya kawaida huishi kama siku 120. Ni kama kanzu juu ya chetezo cha udi: iliyotundikwa usiku kucha hunukia kuliko iliyotolewa mapema, ingawa udi ni ule ule. Mwenye upungufu wa G6PD chembe zake huondoka kabla ya wakati. Zimekaa na sukari muda mfupi, zimeshika kidogo, na mashine inatoa namba ndogo kuliko hali yake halisi.

Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta wanaume wenye asili ya Kiafrika wenye aina ya G6PD iliyoenea Afrika husomeka chini kwa kama 0.8. Mpaka wa kisukari kwa kipimo hicho ni asilimia 6.5. Mtu ambaye angesoma 7.0 anasoma 6.2, anaambiwa "bado hujafika," anakwenda zake. Wanaume ndio huguswa zaidi, kwa sababu jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X na mwanamume anayo moja tu. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha wenye nakala moja ya selimundu husomeka chini kwa kama 0.3.

Waoneni tena wale wa Greenland. Kule kipimo cha asubuhi kinawapita wagonjwa, hapa kwetu cha miezi mitatu kinaweza kuwapita. Jeni haikuambii tu kama utaugua. Inakuambia pia ni mlango gani mgonjwa atapitia bila kuonekana, na hilo la pili tunaweza kulifanyia kazi leo bila mashine ya mamilioni.

---

Nahodha wa Kizingitini

Shukran binti kwa maelezo. Mimi ndiye yule wako wa tatu. Nina miaka 52, sina kitambi, navuta nyavu bado. Baba alikufa na kidonda cha mguu kisichopona, tukaambiwa ni jini wa pwani. Nikapime nini mimi?

Binti Langoni

Ami, Mola amrehemu baba. Sitasema alikufa na nini, sikumwona. Lakini kidonda cha mguu kisichopona kwa mtu mzima ni jambo ambalo leo lingetufanya tumpime sukari siku hiyo hiyo, na wewe ni mwanawe.

Wembamba usikutulize. Afrika wako wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili wasio wanene. Kwa hao tatizo huwa zaidi ni kongosho kutoa insulini pungufu, na hilo halionekani kwenye mkanda wa suruali. Nyavu zinakusaidia, wallahi, endelea nazo. Ila pima. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, ambayo ina namba zake (mmol/L) tofauti na za HbA1c, ikifika 7.0 kwa siku mbili tofauti, hicho ni kisukari.

Mzaliwa Malindi

Niongeze kisa cha nyumbani, maana nimesoma hapo kwenye G6PD nikasimama. Ami yangu alikuwa akiamka kukojoa usiku kucha, nyayo zinamwaka moto, amepungua mwili. Hospitali moja, jina sitaji, walimpima HbA1c tu ikatoka 6.0. Akaambiwa apunguze mahamri na chai ya sukari, asubiri mwaka. Binti yake ana mashine ya kudunga kidole, akawa anampima nyumbani alfajiri baada ya swala: 8.4, 9.1, 8.8. Wakarudi hospitali na kile kijidaftari. Daktari wa pili alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza kama ami aliwahi kupauka au kukojoa mkojo mweusi kama kahawa baada ya dawa yoyote. Ami akasema ndiyo, zamani, alipopewa dawa za malaria. Wakampima G6PD, ikawa ni pungufu. Sasa anatibiwa sukari, na hafuatiliwi kwa HbA1c tena, ni kwa kidole na kijidaftari.

Binti Langoni

Mzaliwa, Mungu amzidishie ami afya, na binti yake namvulia mtandio. Kile kijidaftari ndicho kilichomwokoa baba yake. Hapo hapo jamaa: dalili zinasema hivi, HbA1c inasema vile, basi usikubali jibu moja. Omba sukari ya asubuhi. Bado kuna shaka, omba kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili, ikifika 11.1 ni kisukari. Vyote viwili vinapima sukari yenyewe iliyomo damuni, umri wa chembe haviuangalii.

Na mkojo mweusi baada ya dawa, au mtoto wa nyumba hiyo kupata manjano makali baada ya kuzaliwa, ni habari ya kumwambia daktari hata asipouliza.

Kijana wa Mkomani

Swali ambalo wengi wanaogopa. Sisi hapa tunaozana mtoto wa ami na mtoto wa ami. Je, hiyo inaongeza sukari?

Binti Langoni

Umeuliza vizuri, na nitakujibu bila kumkosea mtu heshima, maana wazazi wangu mwenyewe ni hivyo.

Mabinamu wana babu mmoja, kwa hiyo nafasi ya mtoto kupata nakala mbili za kitu kile kile inaongezeka. Kwa maradhi yanayohitaji nakala mbili, kama selimundu yenyewe, jambo hili ni zito, na wachumba wa ukoo mmoja ni bora wapimwe damu kabla ya nikaha. Kwa kisukari aina ya pili, utafiti wa mwaka 2023 uliofanywa kwa Waingereza wenye asili ya Pakistan na Bangladesh ulikuta uhusiano: waliorithi sehemu nyingi zinazofanana kutoka pande zote mbili walikuwa na kisukari zaidi. Uhusiano huo upo, ila haufanyi kila mtoto wa mabinamu awe mgonjwa. Anayetokana na ndoa hiyo na ana wagonjwa pande zote mbili asisubiri umri mkubwa. Aanze kupima mapema.

Bi Mkubwa wa Shela

Wanangu nimewasoma wote. Mimi ninayo sukari miaka mingi sasa. Mama alikuwa nayo, nana alikuwa nayo. Niulize jambo moja tu: ikiwa imo kwenye damu, kuna haja gani wajukuu wangu nikiwazuia halwa na soda? Si ni kuwatesa bure?

Binti Langoni

Shikamoo bi. Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, na jibu lake linanipa furaha.

Marekani walifanya jaribio kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa juu ila haijafika kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliougua walipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na wasiofundishwa. Vidonge vya metformin vilipunguza kwa 31. Kisha mwaka 2006 wakawaangalia watu wale wale kwa jeni ya TCF7L2, ile nzito. Katika kundi lisilobadilisha chochote, wenye nakala mbili mbovu waliugua kwa kasi kama mara 1.8 ya wasio nayo. Katika kundi lililotembea na kubadilisha chakula, tofauti hiyo karibu iliisha. Jeni walikuwa nayo bado, bi. Lakini haikupata nafasi ya kuwaumiza vile.

Kwa hivyo wajukuu walio na nana na mama wa nana wagonjwa ndio wenye faida kubwa zaidi ya kuzuiwa soda. Halwa ya sikukuu sitakuja kumnyang'anya mtoto mkononi. Soda ya kila siku ya shule, hiyo naomba iondoke. Samaki wa kupaka, mbaazi, mchicha, hivyo tunavyo na ni vyetu. Wali upungue kwenye sinia, mboga ziongezeke.

Bi Mkubwa wa Shela

Haya mwanangu, nimekuelewa, Mungu akuweke. Na huyu mwanangu wa kiume wa kwanza, ana miaka 38, amenona kidogo tumboni. Nimlete lini, na aje vipi?

Binti Langoni

Mlete siku yoyote ya kazi asubuhi, bi. Asile wala kunywa chai tangu saa nne usiku, maji matupu ni ruhusa. Saa mbili asubuhi awe amefika. Nitamtoa damu ya mkononi, si ya kidole, na daktari akitaka tutampa glukosi anywe, basi ajue atakaa pale hadi saa nne asubuhi ipite. Aandike kwenye karatasi nani kwenu ana sukari, nani ana selimundu, na nani aliwahi kudhurika na dawa ya malaria, upande wako na upande wa baba yake.